Luther, lumbesa na nepi za mtoto wangu

Bwana Yesu asifiwe, na kwa watu wa Njombe kamwene. Nimepotea kidogo, mke wangu alijifungua, na msimu wa viazi nao ukaingia hapo hapo, kwahiyo usingizi nimeuonea mbali kama treni.

Kwa wasionijua mi ni mnunuzi wa viazi. Napanda Njombe, saa nyingine nasogea mpaka Makete, nanunua shambani kwa wakulima, napakia Fuso nashusha Dar. Na ni mlutheri wa kuzaliwa, KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nimebatizwa mchanga nikapata kipaimara nikiwa na suruali ya kaka iliyokunjwa chini mara tatu. Sasa haya mawili, viazi na ulutheri, kwa miaka mingi sikuwahi kuyaona yakikutana sehemu yoyote isipokuwa kwenye mnada.

Mnaosali KKKT mnaujua mnada. Ibada ikiisha tunatoka nje, mzee wa kanisa anashika kuku kwa miguu anaanza, elfu kumi mara ya kwanza, elfu kumi mara ya pili, watu wanapandishiana mpaka yule kuku anauzwa bei ya mbuzi. Sikukuu ya mavuno mwaka juzi nilinunua debe moja la viazi kwa shilingi 70,000. Vigelegele usiseme, kina mama walinizunguka na vitenge, mchungaji akanipa mkono. Debe lenyewe sokoni hata elfu ishirini halifiki na mimi kuliko mtu yeyote pale najua hilo, ila pale hakuna anayenunua viazi bana, tunanunua vigelegele.

Jioni yake mtoto wa dada yangu anayekaa kwetu alikuwa anajiandaa na kipaimara, akaniletea Katekisimo, kile kitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, nimsikilize. Tukaenda vizuri mpaka amri ya saba, usiibe. Maana yake nini? Akashusha kwa kichwa: tumche Mungu na kumpenda, tusichukue fedha wala mali ya jirani yetu, wala tusiipate kwa bidhaa mbovu au biashara ya udanganyifu, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Halafu akanyamaza kidogo akaniuliza, mjomba, biashara ya udanganyifu ndo ipi hiyo?

Nikakohoa. Nikamwambia twende amri ya nane.

Ngoja nieleze lumbesa kwa ambao hawajawahi kuiona. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Shambani sisi tunajaza gunia mpaka mdomoni, halafu juu tunaongeza kofia, tunashona na kamba linakuwa kama mtu kabeba mtu mwingine begani. Mkulima analipwa gunia moja. Siku moja nililipima moja la kwangu mwenyewe kwa udadisi tu likasoma kilo 140 na ushee. Yaani ile 40 na zaidi mkulima kalima, kapalilia, kapiga dawa ya ukungu, kavuna, na mi nimeichukua bure na ahsante kaniambia yeye. Na ukimuuliza mnunuzi yeyote atakwambia ndo utaratibu wa soko, nisipofanya mimi anafanya mwenzangu, na kwa kweli hadanganyi.

Usiku ule nilikosa usingizi, mtoto alikuwa bado hajazaliwa kwahiyo hata wa kumsingizia sikuwa naye. Nikaanza kusoma kwenye simu. Kumbe Martin Luther, yule Mjerumani ambaye ulutheri umeitwa kwa jina lake, aliandika Katekisimo mbili, zote 1529, baada ya kuzunguka sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui chochote, hata baadhi ya wachungaji Baba Yetu inawashinda. Ile ndogo aliiandika ili baba wa nyumba awafundishe watu wake nyumbani, sio kanisani, nyumbani. Mi nilidhani imeandikwa kwa ajili ya mwinjilisti wetu na fimbo yake. Ile Kubwa ndo ilinimaliza, maana kwenye hiyo hiyo amri ya saba anasema wizi sio kuvunja kabati la mtu tu, anataja sokoni, anataja mizani ya uongo na vipimo vya uongo na bidhaa mbovu, anasema kuna wezi wanaokaa kwenye viti na kuitwa waheshimiwa. Miaka karibu 500 iliyopita, Ujerumani, mtu hajawahi kuona Fuso wala lumbesa, lakini kama alikuwa amesimama pale shambani na mimi.

Halafu nikarudi kwenye zile hoja 95 za Luther za mwaka 1517, ambazo kila Oktoba 31 tunazitaja na sijui wangapi tumewahi kuzisoma. Tunajua tu kwamba zilipinga vyeti vya msamaha, vile ambavyo kanisa la wakati huo liliwauzia watu. Hoja ya 43 inasema anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vyema kuliko anayenunua cheti. Ya 45 ni kali zaidi, anasema mtu akimwona mhitaji akampita, halafu pesa yake akaitoa kwa ajili ya msamaha, huyo hanunui msamaha, ananunua ghadhabu ya Mungu. Nikakumbuka debe langu la 70,000. Sisemi mnada ni mbaya, mnada umejenga makanisa na zahanati na umesomesha watoto, naupenda na nitaendelea kununua kuku kwa bei ya mbuzi. Nasema tu mimi binafsi nilikuwa naufanya risiti ya msamaha.

Kuna kitu kinaitwa wito. Zamani hizo ukisema fulani ana wito unamaanisha mtawa, sista, padri. Na Luther mwenyewe alikuwa mtawa, 1505 radi ilipiga karibu naye njiani akaingiwa hofu akamlilia Mtakatifu Ana kwamba atakuwa mtawa, akawa kweli, akafunga, akakesha, akaungama mpaka waungamishi wakachoka. Kwahiyo alikuwa anajua anachokisema alipogeuka akasema mfanyakazi wa ndani anayefagia kwa imani hayuko chini ya mtawa hata kidogo. Kwa Mungu hatupandi kwa matendo, tunapokelewa bure kwa neema kwa sababu ya Kristo, basi, hiyo kesi imeisha. Sasa matendo mema yaende wapi? Yaende kwa jirani, maana Mungu hana njaa, jirani ndo ana njaa. Mi jirani yangu ni mkulima aliyesimama pembeni ya gunia, na wewe unayekaanga chipsi Dar bila kujua kilo zake zimetoka wapi.

Nepi sasa. Mwaka 1522 Luther aliandika kitabu kuhusu ndoa, humo anasema baba akifua nepi za mtoto na watu wakamcheka kwamba ni mwanaume bwege, Mungu na malaika wake wote na viumbe wote wanatabasamu, sio kwa sababu anafua, kwa sababu anafua kwa imani. Nikaipenda sana hii. Mtoto alipozaliwa tulitumia zile za kitambaa maana za dukani bei imechangamka, nikawa nafua alfajiri nje, jirani akipita anacheka, namwambia cheka tu, malaika wako upande wangu. Nikamsimulia mke wangu kwa mbwembwe zote. Akanitazama akasema, na sisi tunaofua kila siku, hao malaika walishachoka kutabasamu?

Sikuwa na jibu mpaka leo. Tena nikaja kugundua 1522 Luther alikuwa hata hajaoa! Kamuoa Katharina von Bora 1525, mtoto wa kwanza kazaliwa 1526, kwahiyo nepi alikuwa kazisikia tu. Na walipooana aliyebeba nyumba ni Katharina, alipika bia, alifuga, alilima, alilisha wanafunzi waliopanga kwao, mpaka mume akawa anamwita bwana wangu Käthe. Hapo ndo naona hii habari ya wito inahitaji kuchungwa, ni rahisi sana bosi ambaye hajalipa mshahara miezi mitatu kukwambia vumilia ni wito wako, au mwanaume kumwambia mkewe hivyo akiwa kwenye kochi. Luther mwenyewe kwenye uasi wa wakulima wa 1525 aliandika maneno makali dhidi yao ambayo mi kama mtu ninayekula kwa jasho la wakulima siwezi kuyatetea.

Basi msimu huu nilipanda Njombe na mizani. Nimeifunga nyuma ya Fuso na turubai. Mzee wa kwanza niliyemfikia, tunafahamiana miaka, aliitazama akaizunguka, akauliza, mwanangu hii ya nini tena, umetumwa na serikali? Nikamwambia hapana baba, nanunua kwa kilo. Akaniuliza kuna nini, unaumwa? Nikamwambia kuna swali moja la kipaimara nilikuwa sijalijibu. Akacheka sana, halafu akaita watoto wote waje kushuhudia upimaji, tukapima mpaka jua linazama, na kila gunia alikuwa anaandika kwa mkaa ukutani kwa sababu haniamini, na ana haki.

Faida ilipungua, sitawadanganya. Safari ya tatu bei ya Dar ilianguka, mizani nikaiacha nyumbani, nikabeba lumbesa 22. Kesho kutwa napanda tena, mke wangu tayari kaitoa mizani kaiweka mlangoni, hajasema kitu.