Nilivyorudia sarufi ya Kiingereza na wanafunzi wa kidato cha kwanza

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hapa Tanzania, akifika kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Kwa hiyo marudio sikuyaanzia sura ya kwanza ya kitabu. Nilitoa karatasi, kila mmoja akaandika mistari kumi kuhusu siku ya jana, bila kamusi. Nikayapanga makosa kwa aina, na aina iliyojaa kuliko zote ikawa somo la kwanza.

Ilikuwa vitenzi, hasa ukanushi wa wakati uliopita: "He did not came". Kanuni ya kitabu wameshaikariri na bado wanakosea. Nilichofanya ni kuandika ubaoni "hakuja" na kuipasua: ha, ku, ja. Wakati umebebwa na "ku", na shina "ja" halikuguswa. Kisha chini yake "did not come". Kazi ya "ku" inafanywa na "did", basi "come" ibaki ilivyo. Alama ya wakati uliopita inawekwa mara moja tu. Maswali nayo ni hivyo hivyo: "Did you see", si "Did you saw".

Ile "s" ya wakati uliopo inasahaulika kwa sababu Kiswahili humwonyesha mtenda mwanzoni mwa kitenzi, hakimwekei chochote mwishoni. Zoezi lililosaidia ni kuandika aya fupi kuhusu mimi, "I wake up, I wash, I carry water, I have tea, I go to school", halafu kuihamishia yote kwa mama. Hapo wanakutana na "washes", "carries", "has" na "goes" kwa pamoja. Hapo hapo linajitokeza kosa jingine, "My mother she wakes up", kwa kuwa "a" ya "anaamka" imetafsiriwa peke yake. Ukishamtaja mama, "she" ifutwe.

"I have seen him yesterday" inatokana na "nimemwona jana", ambayo tunaisema kila siku. Penye "yesterday", "last week", "ago" au mwaka uliokwisha, tumia "saw".

Kwenye kuunganisha sentensi niliwapa kipimo cha kidole. Pigia mstari kila kitenzi chenye wakati, kisha hesabu viunganishi. Vitenzi viwili vyenye kiima kila kimoja vinahitaji kiunganishi kimoja, vitatu, viwili. Visipotosha, weka nukta. Kipimo hiki kinakamata pia "Although it rained, but we went", ambayo ni "ingawa… lakini" yetu: viunganishi viwili kwa vitenzi viwili. Toa kimoja.

Msamiati nilishughulikia ule tu unaopotoshwa na Kiswahili. "Azima" ni "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. Harufu tunaisikia, lakini "I hear a bad smell" haisemwi. Ni "I smell something bad".

Usahihishaji ndio ulioleta mabadiliko makubwa, na hapa nasisitiza. Daftari lililojaa wino mwekundu linafungwa na kuwekwa pembeni. Kila wiki nilisahihisha aina moja tu ya kosa, na sikuandika jibu: niliweka nukta pembeni ya mstari wenye kosa, mwanafunzi akalitafuta mwenyewe na kuiandika upya sentensi nzima. Kuandika neno moja juu ya lililofutwa hakutoshi, maana mkono haujazoea sentensi iliyo sahihi.

Aya tulizianza na sentensi tano: ya kwanza inataja jambo, tatu zinalieleza kwa mifano, ya mwisho inalifunga. Kabla ya kukusanya, kila mmoja alipitia kazi yake mara tatu, kila mara kwa jambo moja: kwanza vitenzi, kisha "s", mwisho herufi kubwa na nukta. Ukimwambia atazame vyote kwa mara moja, atasoma alichokusudia kuandika, wala haoni kilichopo kwenye karatasi.