Kutoka Bwalo la Shule Hadi Nyuma ya Kamera

Kwa miaka saba koo langu ndilo lililonilisha. Kikundi chetu cha waigizaji kilizungusha shuleni tamthilia teule, zile wanafunzi walizosomea mtihani: leo Machakos, kesho Murang'a, wanafunzi mia sita wamejazana bwaloni na maikrofoni hakuna. Aliyeketi nyuma kabisa karibu na jikoni alilipa sawa na wa mbele, kwa hivyo jicho, mkono, kicheko, vyote nilivikuza.

Mwaka 2019 nikaamua kuelekeza filamu yangu, dakika 12 tu, mama na bintiye wakizozania kodi ya nyumba. Tulipata chumba mtaani Kaloleni, Nairobi. Siku ya kwanza niliharibu. Kila mwigizaji alipokosea, nilisimama nikamwigizia: "Sema hivi." Mwigizaji wetu wa mama, aliyeanza jukwaa kabla sijazaliwa, alinivumilia mara tatu, kisha akaketi kitandani. "Mwanangu, unanitaka mimi, ama unataka sauti yako kinywani mwangu?"

Sikuwa na jibu. Mpiga picha akaniita nitazame skrini. Uso wa mama ulijaa kote, na ile nyusi niliyomfundisha kuinua, ambayo bwaloni hata isingeonekana, hapa ilikuwa kama mtu anapiga kelele msibani. Nikaacha kuonyesha, nikaanza kuuliza. "Mama, pesa umezificha wapi?" Hakunijibu, alipapasa fundo la leso yake. Hilo ndilo onyesho bora la filamu nzima, na sikuliandika.

Jua nalo lilitufunza adabu. Saa sita mchana likiwa utosini, macho ya watu hugeuka mashimo meusi, kwa hivyo picha za nje tulipiga asubuhi au baada ya saa kumi, tukikimbizana na giza. Nairobi jioni haikawii.

Lakini aibu kubwa niliikuta kwenye kuhariri. Jukwaani, anayesikiliza anaonekana bila kuombwa. Kwenye filamu haonekani usipomwelekezea kamera, nami binti nilikuwa nimempiga akiongea tu. Mama anamwaga machozi, na sina uso wa kumpokea! Baada ya wiki mbili tukarudi Kaloleni kwa picha moja ya sekunde nne. Binti akafika amenyoa nywele zote. Ukitazama filamu hiyo utaona amejifunga kitambaa kichwani katikati ya ugomvi, ghafla tu. Mama ndiye aliyemfunga, kwa leso ileile.