Barabara ya Bush, bima ya Obama

Juzi hapa Houston, Marekani, nimeletewa karatasi na kampuni ya bima. Juu kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa HII SI BILI, na chini yake zimepangwa namba ambazo ukizisoma usiku hulali. Chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, picha ya tumbo, vidonge viwili vya maumivu vilivyopewa mstari wao na bei yao. Jumla dola 38,412. Kidole tumbo hicho, jamani! Kidole tumbo kilekile ambacho ukilazwa hospitali ya Bombo, Tanga, kinatolewa, ndugu wanakuletea uji kwenye chupa ya chai, na baada ya muda uko barazani unahadithia. Igeuzeni wenyewe kwa shilingi. Ni nyumba Pongwe, imepauliwa, na chenji inabaki ya kuchimba kisima.

Mstari wa mwisho ndio ulionirudishia roho: sehemu yako, dola 1,150. Bado ni hela nyingi kwa mtu wa ghalani, lakini hiyo nalipa kidogokidogo, hainifukuzi mjini.

Sasa siku hiyohiyo kwenye kundi la familia kulikuwa na ubishi wa marais wa Marekani, na shemeji yangu akatupa ujumbe wa sauti: "Obama wenu huyo zaidi ya kutuachia jina la barabara Dar hakufanya kitu. Bush ndiye mwanaume." Barabara anayoisema ni ile ya ufukweni, Ocean Road ya zamani, iliyopewa jina la Barack Obama alipokuja Julai 2013. Kilichoniudhi si hoja, ni hilo neno "wenu". Kura sijawahi kupiga hapa, pasipoti yangu bado ina mwenge. Nikamwandikia kwamba nitamjibu kwa kirefu, na kwa kuwa kirefu chenyewe hakienei kwenye kundi, nakiweka hapa.

Kwa Bush, shemeji ana haki yake. Anaendesha Fuso kati ya Tanga na Horohoro, anachosema kakipima kwa matairi. Zile kilomita 65 hadi mpakani zimetiwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la serikali ya Marekani, kwenye mkataba wa dola milioni 698 ambao Bush na Kikwete waliusaini Dar Februari 2008. Mkataba huohuo ukapitisha waya wa umeme chini ya bahari hadi Unguja, ukajenga Tunduma hadi Sumbawanga. Aliyewahi kulala Duga na basi lililozama kwenye tope la masika haambiwi kitu kuhusu Bush. Tena mwaka 2008 kina mama walivaa nguo zenye sura yake, wakacheza ngoma. Na wapo wengine wana sababu kubwa kuliko lami: mpango wa dawa za UKIMWI alioutangaza Januari 2003, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Mnakumbuka ile miaka ya kuzika vijana kila wiki. Leo nawajua watu Tanga ambao walikuwa wameshaagwa, na sasa wanagombana na wajukuu.

Lakini muulize Bush Mmarekani ninayefanya naye kazi. Atakutajia Iraq, na silaha ambazo hazikupatikana. Atakutajia kimbunga Katrina cha 2005, maana hapa Houston ndipo maelfu waliokimbia New Orleans walihifadhiwa kwenye uwanja wa Astrodome. Dawa za ARV hazijui, barabara ya Horohoro ndiyo kabisa. Kwa hiyo shemeji na huyu jamaa wanampima rais mmoja kwa mizani mbili na kila mmoja ana uhakika.

Obama naye ni hivyohivyo, ila kinyume. Kwetu tulimpokea kama mtoto wa nyumbani aliyepata kazi bandarini: tukakaa kusubiri makontena. Damu ya Kogelo, kwa baba yake Kenya, tukasema, hatatusahau. Akaja Dar, akatembelea mitambo ya umeme Ubungo, akaunadi mpango wake wa umeme, Power Africa. Kisha Machi 2016, utawala wake ukiwa bado madarakani, lile shirika la Milenia likasitisha mkataba wetu wa pili, dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria yetu ya makosa ya mtandao. Kwa hilo mimi simlaumu. Uchaguzi wa kwanza tuliufuta wenyewe. Lakini ukimhesabia shemeji kwa mkono mmoja kilichoingia na kwa mwingine kilichozuiwa, utaelewa anakasirikia nini.

Mimi hesabu yangu inaanzia kwenye ile karatasi. Nina pumu tangu nasoma chekechea. Kabla ya sheria ya bima ya afya aliyoisaini Obama tarehe 23 Machi 2010, mtu wa pumu, kisukari au presha akienda kujinunulia bima kwenye majimbo mengi angeweza kukataliwa mlangoni, au akatajiwa bei ya kumfukuza. Na mimi hapa nimeajiriwa kupitia wakala, bima ya kazini sina. Bila ile sheria, lile tumbo lingenikuta mtupu. Watu wasio na bima nchini walikuwa kama asilimia 16 ilipopita, alipoondoka wamebaki kama 9. Hayo ni mamilioni ya watu. Siyo kwamba mambo yalikwenda sawa. Aliahidi kwamba aliyeridhika na bima yake ataendelea nayo, kisha watu wakaanza kuletewa barua za kufutiwa. Tovuti ya kujiandikisha ilipofunguliwa Oktoba 2013 ilikwama kama mtandao wa serikali yetu, na hii ni nchi inayojisifu kwa kompyuta.

Uchumi aliukuta taabani. Oktoba 2009, ukijumlisha wenye kazi na wanaoitafuta, asilimia 10 hawakuwa nayo. Anaondoka Januari 2017 ni chini ya 5. Viwanda vya GM na Chrysler vilinusurika. Benki nazo ziliokolewa, kazi ambayo Bush alishaianza, ila hapo ndipo nami nashika upande wa walalamikaji: wakubwa wa benki walilala kwao salama, na mamilioni ya watu wa kawaida nyumba zao zikapigwa mnada.

Kwenye uhamiaji ndipo sifa inaponikaba. Sisi tulioko huku tunapenda kusema Obama alikuwa wetu, lakini katika miaka yake 8 watu wanaokaribia milioni tatu walirudishwa makwao kwa amri rasmi, na kuna mwaka walizidi 400,000. Watetezi wa wahamiaji wenyewe walimbandika jina la mfukuzaji mkuu. Ni kweli Juni 2012 aliwapa kinga vijana walioletwa bila vibali wakiwa watoto, na nimefanya kazi na mmoja wao, kijana wa Honduras ambaye kila baada ya miaka miwili anajaza fomu upya akitetemeka. Obama alipotaka kuwasaidia na wazazi wasio na vibali ambao watoto wao ni raia au wakazi halali, Texas ikaongoza majimbo mengine mahakamani na mwaka 2016 majaji wa Mahakama ya Juu wakagawanyika nne kwa nne. Ikaishia hapo.

Libya sitaizungusha. Obama na washirika wake walisaidia kumwondoa Gaddafi 2011 na hawakuwa na mpango wa kesho yake. Obama mwenyewe alikuja kukiri kwamba hilo ndilo kosa lake kubwa. Waafrika wanaouzwa na kuzama kwenye ile njia ya kwenda Italia wanalipa hadi leo. Na ndege zisizo na rubani hakuziacha zipumzike. Ila Bin Laden kumfuata hadi Pakistan Mei 2011, mtu wa Dar anayekumbuka bomu la ubalozi wa Marekani asubuhi ya Agosti 7, 1998 hawezi kusema lilikuwa jambo la Wamarekani peke yao.

Wewe unayeota kuhamia huku, acha kubishana marais, shika haya. Dirisha la kununua bima linafunguliwa Novemba mosi. Ukifika nchini katikati ya mwaka una siku 60 za kujiandikisha, usizipoteze kwa kutafuta gari. Homa ya kawaida usiipeleke mapokezi ya dharura, tafuta kliniki. Bili ikija usiilipe siku hiyo, omba mchanganuo wa kila kitu, kisha omba fomu ya msaada wa fedha: hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na utaratibu huo kimaandishi, na kilichozilazimisha ni sheria hiyohiyo ya 2010. Usingoje kuambiwa. Uliza. Na bajeti yako iachie nafasi, maana ruzuku ya ziada ya bima iliyowekwa 2021 imekoma mwisho wa 2025 na mchango wangu wa mwezi umeruka kutoka dola 52 hadi 168.

Jingine, angalia jimbo unalokwenda. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliiacha sheria ya Obama isimame, ila ikasema jimbo halilazimishwi kupanua Medicaid, ile bima ya maskini. Texas ilikataa na mpaka leo imekataa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuongoza nchi nzima kwa watu wasio na bima. Jinsi inavyokuwa, nenda kamwone Mkongomani mmoja wa Bukavu tunayepanga naye maboksi. Alikuja kama mkimbizi, ameshakuwa raia, hana mtoto wala mke. Mwaka jana wakala alimpunguzia saa, kipato kikashuka chini ya dola 15,650, ambao ndio uliokuwa mstari wa umaskini wa mtu mmoja mwaka 2025. Walioandika sheria walidhani wa chini ya hapo wote watabebwa na Medicaid, kwa hiyo ruzuku hawakuwawekea. Medicaid ya Texas nayo haichukui mtu mzima mwenye afya asiye na mtoto. Mimi ninayemzidi mshahara ninasaidiwa. Yeye akatajiwa bei kamili, zaidi ya dola 500 kwa mwezi, akacheka kwa Kiswahili chake: "Yaani wananiambia mi ni maskini kupita kiasi?"

Tumemtafutia zamu za usiku wa Jumamosi kwenye ghala la pili, apandishe kipato kidogo. Akionyesha kwamba mwaka ujao atauvuka ule mstari, Novemba ataruhusiwa kuwa maskini wa kusaidiwa. Mpaka hapo anategemea hospitali za umma za wilaya ya Harris, hapahapa Houston, zenye nafuu kwa wasiojiweza, na foleni yake shemeji uijue tu, inaanza alfajiri.