Nilivyoamua kujifungua kwa njia ya kawaida baada ya operesheni

Mimba ya pili ilipoanza kuonekana, kila mtu nyumbani Isongole alikuwa na lake la kusema. Mume wangu, ambaye husafirisha viazi kwenda Dar es Salaam, alitaka nipasuliwe tena: tarehe inajulikana, hakuna kukimbizana usiku kwenye ukungu. Mama mkwe alitaka kawaida, kwa sababu yeye alizaa wote kawaida. Mimi nilitaka kawaida kwa sababu zangu. Operesheni ya kwanza iliniweka mbali na jembe kwa muda mrefu, na sasa nilikuwa na mtoto anayelilia kubebwa mgongoni.

Nesi wa kliniki hakutaka maoni ya yeyote kati yetu. Alitaka kujua kizazi kilikatwaje. Kovu la kwenye ngozi halisemi kitu, akanieleza. Langu ni la mlalo, lakini ndani daktari anaweza kuwa alikata wima, na mwenye kovu la wima hashauriwi kabisa kujaribu uchungu, kwani kizazi hupasuka kirahisi zaidi. Kadi yangu ya kuruhusiwa iliandikwa "operesheni" tu.

Nikarudi hospitali niliyopasuliwa. Dirisha la mafaili wakasema nilete barua. Nikaleta. Wakasema mhusika katoka. Sikugombana na mtu. Nilikaa kwenye benchi na chapati zangu mpaka mhusika akachoka kuniona. Ukurasa wenyewe ulikuwa nusu karatasi: mwandiko wa kukimbia, na mchoro wa kizazi wenye mstari mfupi wa mlalo sehemu ya chini. Sababu: mtoto alitanguliza matako. Nikaupiga picha palepale.

Karatasi ile ndiyo iliyobadilisha mazungumzo nilipofika hospitali ya wazazi ya Meta, Mbeya mjini. Daktari aliisoma, akauliza mtoto wa kwanza ana umri gani (wanapenda ipite angalau miezi 18 kati ya uzazi na uzazi), akatazama mtoto wa sasa amelalaje. Kichwa chini. Akaniambia kati ya wanawake 100 wanaojaribu, 60 hadi 80 hufanikiwa, na kwa kovu kama langu kizazi hupasuka kwa takriban mmoja kati ya 200. Ni wachache, lakini ikitokea dakika zinahesabika, kwa hiyo sharti mama awe pale penye chumba cha upasuaji na damu. Zahanati ya kijijini haikuwemo kwenye hesabu.

Mwezi wa mwisho nikahamia kwa mama mdogo Mwanjelwa. Mume wangu na shemeji wakachangia damu. Mama mkwe akanitumia chupa ya mizizi ya kuharakisha uchungu. Nikampigia, "Asante mama, imefika," na ikabaki uvunguni. Dawa za kusukuma uchungu, za kienyeji au za dukani, ndizo daktari alizonikataza kuliko kitu kingine chochote.

Uchungu ulianza wenyewe. Nilisaini fomu ya operesheni mapema, wakaniwekea kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa na damu, mkononi, na mkunga akawa anarudi kila mara kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto na kuniuliza kama kovu linauma hata uchungu ukiachia. Halikuuma. Nilisukuma mtoto wa kike.

Wifi yangu alichagua tofauti, na simlaumu. Yeye wa kwanza alihangaika naye usiku kucha, mpaka mapigo ya moyo ya mtoto yakashuka, ndipo wakakimbizwa kwenye upasuaji. Alisema uchungu ule harudii, akapangiwa tarehe, akaenda amesuka nywele. Sasa anataka wa tatu. Ameambiwa afanye utrasaundi waone kondo limekaa wapi, maana kila operesheni inaongeza uwezekano wa kondo kujishikiza kwenye kovu, na likishika hivyo damu inayotoka si ya mchezo.