Siku Moja Nyuma ya Jukwaa la Mianzi, Hong Kong

Saa tatu asubuhi nawasili katika kijiji cha pwani huko New Territories, eneo la Hong Kong, ambako nashughulikia vipaza sauti vya kundi la opera ya Kikantoni, yaani tamthilia ya kuimbwa ya kusini mwa China. Usiku huu yanafunguliwa maonyesho ya kumwadhimisha Tin Hau, mungu wa kike anayeaminiwa kuwalinda mabaharia na wavuvi, ambaye siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 23 ya mwezi wa tatu katika kalenda ya Kichina. Ukumbi mzima umesimamishwa kwa mianzi na magogo yaliyofungwa pamoja bila misumari, kisha ukaezekwa mabati, na baada ya sherehe utabomolewa ili mianzi hiyo itumike kwingine. Mafundi wanaoujenga hutegemea zaidi macho na uzoefu kuliko michoro, na kwangu mimi ustadi wao unastahili heshima sawa na ule wa waigizaji.

Saa sita mchana makasha ya mavazi yanapangwa nyuma ya jukwaa, karibu na madhabahu ya Wah Kwong, mlinzi wa waigizaji. Mimi natundika vipaza sauti, nikiviepusha na matuazi, kwa sababu chini ya mabati mlio wake humeza sauti ya mwimbaji.

Saa kumi alasiri kazi zote zinasimama. Kwa kuwa jukwaa limejengwa mahali papya, ni lazima Simbamarara Mweupe, roho inayoaminiwa kuleta balaa, atulizwe kwanza: mwigizaji mmoja huvaa ngozi ya mnyama huyo, mwingine huigiza shujaa anayempiga na kumfunga mnyororo, na mpaka tambiko liishe hakuna anayeruhusiwa kusema neno wala kuita jina la mwenzake. Nimezifanyia kazi kumbi nyingi za kisasa, zenye sauti safi kuliko hapa, lakini hakuna niliyoona ikiandaliwa kwa uangalifu wa namna hii.

Saa mbili usiku mpiga ngoma, ambaye ndiye kiongozi wa wanamuziki wote, anatoa ishara. Mchezo wa ufunguzi unamhusu Su Qin, mwanasiasa wa kale aliyepewa uwaziri mkuu na falme sita, na karibu kundi zima hupita jukwaani ili wenyeji waone uwezo wake. Jukwaa linaelekea hekalu, kwa maana mtazamaji wa kwanza ni Tin Hau mwenyewe. Wanakijiji, ambao ndio waliochanga gharama, wanashiriki karamu yake. Wanaingia na kutoka, wanakula, wanaamkiana na jamaa waliorudi kutoka mjini, na hakuna anayewakemea. Wanaodai kwamba opera hii ingehifadhiwa vizuri zaidi ndani ya majumba ya sanaa wanausahau mkusanyiko huu, ambao ndio ulioilea.

Saa tano usiku mzee mmoja wa kamati ananieleza kwamba akina bibi wa safu za nyuma hawakuyasikia vizuri maneno ya nyimbo. Nainua spika mbili na kuzijaribu upya kabla ya kulala, kwani kesho kuna onyesho la mchana na la usiku.