Kushuka na upepo wa Krismasi: Saint Lucia hadi Grenada kwa mashua ya matanga

Anayeijua kaskazi ya pwani yetu ataufahamu mara moja upepo wa Karibi wa Desemba. Nao hutoka kaskazini-mashariki, huvuma mchana na usiku, na hukomaa majira yaleyale. Mabaharia wa huko huuita upepo wa Krismasi. Mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Atlantiki huongezeka kuanzia katikati ya Desemba, na upepo uliokuwa noti 15 hupanda hadi 25, na ndani ya wingu la mvua hufika 30 au zaidi. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kama kilomita 1.85.) Kwa sababu hiyo tulikodi mashua ya futi 40 kwa safari ya upande mmoja: tuichukue Rodney Bay, kaskazini mwa Saint Lucia, tuirudishe Grenada. Ada ya kuiacha kisiwa kingine ni kubwa, lakini ni afadhali kuliko kurudi kwa kupiga bisho maili 130, upepo usoni na mkondo ukikusukuma magharibi.

Kabla ya kung'oa nanga tulifunga mkunjo wa kwanza wa tanga kuu, yaani tulilipunguza ukubwa, tukiwa bado kwenye maji matulivu. Hata kama upepo wa bandarini ni mwanana, fanya hivyo. Legeza demani (kamba ya kukaza na kulegeza tanga) mpaka tanga lipepee, shusha jarari (kamba ya kulipandisha) hadi alama yake, nasa pete ya mbele kwenye ndoano ya mlingoti, vuta kamba ya mkunjo kwa winchi mpaka kona ya nyuma ikae juu ya mti wa chini, kaza jarari, na mwisho kabisa kaza demani. Wanaochana matanga ni wale wanaovuta kamba ya mkunjo huku demani ikiwa imekazwa: nguvu yote ya upepo inaingia kwenye tundu moja la kitambaa.

Usiku wa kwanza tulilala chini ya milima ya Pitons, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Hapo hairuhusiwi kutia nanga, maana chini kuna matumbawe na ukingo wa bahari unaporomoka ghafla. Unafunga kwenye boya na kulipia. Vijana wenye mashua ndogo watakuja kukusaidia kushika kamba. Patana nao bei kabla hawajaishika, kwa dola ya Karibi Mashariki, ambayo 2.70 ni sawa na dola moja ya Marekani. Pitisha kamba yako mwenyewe kwenye jicho la boya na urudishe ncha zote mbili kwenye omo, mbele ya chombo, halafu ingia majini na miwani ukague mnyororo na pingu zake. Usiku upepo hushuka kwa vishindo kati ya milima ile, kwa hiyo boya lililooza si jambo la kugundua saa nane za usiku.

Tuligonga hati za kutoka nchini kwenye mji wa Soufrière, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kisiwa cha Bequia, maili 50 hivi. Kazi yote imo kwenye milango ya bahari kati ya kisiwa na kisiwa. Upepo unaozuiwa na milima hujikusanya kwenye ncha za nchi kavu, na mkondo wa noti moja au mbili unakupeleka magharibi. Ukielekeza omo moja kwa moja kwenye kisiwa unachokiona, saa tatu baadaye utajikuta umeteremka maili kadhaa na inabidi upande tena dhidi ya upepo. Tulishika digrii 15 mashariki ya mahali tulipokusudia na tukazibakiza mpaka nchi ilipokaribia. Nyuma ya Saint Vincent upepo ukafa kabisa kwa sababu ya mlima La Soufrière, ule uliolipuka Aprili 2021, nasi tukawasha injini. Hapa ndipo wengi hufungua mikunjo. Usifungue. Mbele ya Kingstown, mlango wa Bequia unakupokea na noti 25 bila salamu.

Ghuba ya Admiralty, Bequia, ina mchanga mzuri lakini una mabaka ya majani, na nanga huteleza juu ya mizizi yake. Tafuta baka jeupe. Kwenye kina cha mita 5, ongeza mita moja ya urefu wa omo kutoka majini, zidisha kwa 5: mita 30 za mnyororo ndiyo kiasi cha chini. Sisi tuliachia 40. Rudi nyuma polepole mpaka mnyororo unyooke, kisha pandisha injini hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, uishike hapo nusu dakika huku ukitazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja. Vikiachana, nanga inakokota, na dawa yake ni kuanza upya.

Mambo ya forodha yamalize tarehe 23. Tarehe 25 na 26 ni sikukuu, na ofisa ukimpata utalipia saa za ziada. Sikukuu yenyewe ina ladha ya nyumbani kuliko nilivyotarajia. Kinywaji cha Krismasi ni rozela, nyekundu na yenye tangawizi, na shelisheli huchomwa juu ya mkaa. Mashelisheli yaliletwa Saint Vincent na nahodha Bligh mwaka 1793 kutoka bahari ya Pasifiki, ili kulisha watumwa wa mashamba ya miwa.

Kutoka Bequia hadi visiwa vidogo vya Tobago Cays ni maili 25, na saa ya kufika ina uzito kuliko mwendo. Ingia kati ya saa nne na saa nane mchana, jua likiwa juu, mtu mmoja akisimama kwenye omo na miwani ya kupunguza mng'ao. Kahawia ni mwamba, rangi ya maziwa ni mchanga, buluu nzito ni kina. Wingu likifunika jua, simama usubiri. Kupwa na kujaa kwa Karibi ni kama nusu mita tu, wakati Zanzibar bamvua hufika karibu mita 4. Kwetu mashua ikipanda fungu, unakaa kungoja maji yajae. Huko hakuna maji yatakayokunyanyua.

Tulitia nanga kwenye mchanga nyuma ya mwamba wa Horseshoe, mita 3 za maji. Mawimbi yanavunjika mbele yako na upepo unapita wote, kwa kuwa upande wa mashariki hakuna kitu ila Atlantiki. Kando ya kisiwa cha Baradal maboya yamezungushia eneo la kasa, na nanga hairuhusiwi ndani yake.

Kimbunga Beryl kilipiga visiwa vya Union na Carriacou tarehe 1 Julai 2024 na kuezua sehemu kubwa ya mapaa, kwa hiyo tulinunua mahitaji ya lazima Bequia na kuongeza tulichoweza huko kusini, ili fedha ibaki visiwani. Carriacou nenda mpaka kijiji cha Windward. Majahazi ya mbao bado huundwa ufukweni, na mwaka 2023 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Fundi wa kukalafati, kuziba nafasi kati ya mbao, kutoka Pangani au Lamu angejua kazi yake bila mkalimani.

Mguu wa mwisho una volkano ya chini ya bahari, Kick 'em Jenny, kilomita 8 hivi kaskazini mwa Grenada. Kaa mbali nayo kilomita 1.5 kila siku, na 5 ikitangazwa tahadhari, kwa sababu mapovu ya gesi huyafanya maji yasiweze kubeba chombo. Tuliizunguka kwa magharibi, tukashuka kwenye kivuli cha mlima, injini ikiunguruma hadi Saint George's. Kwenye lango la bandari nahodha wa Dar au Mombasa akumbuke jambo moja: Karibi hufuata utaratibu wa Marekani, kinyume na kwetu, na ukiingia, boya jekundu linakaa kulia kwako.