Siku yangu moja: bolti ya puli ya krenki kwenye mteremko wa Isamilo

Saa 11 na nusu alfajiri, Igoma, hapa Mwanza, bado kuna giza. Mimi ni fundi magari nisiye na gereji; namfuata mteja nyumbani kwake. Watu wakisikia hivyo wananiweka kundi la wabahatishaji, na hilo linaniuma, ndiyo maana leo naandika siku nzima ilivyokwenda.

Sanduku la spana linafungwa nyuma ya bodaboda. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, naibeba mwenyewe mgongoni, imeviringwa kwenye kanga kuukuu ya mama watoto. Niliinunua kwa kujinyima miezi kadhaa. Ikianguka, kipimo chake sikiamini tena.

Saa 1 nilikuwa Mabatini, nikabadilisha brekipedi za Noah. Saa 2 na nusu chai na chapati mbili, nimesimama.

Saa 3 Isamilo. Nyumba iko juu, kati ya yale mawe makubwa, na gari, Toyota IST, limeegeshwa kwenye mteremko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hii gari saa 6 iwe barabarani. Nina kikao cha mahari ya binti wa kaka yangu Sengerema, na siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, siwezi kusingizia kivuko."

Injini ilikuwa inagonga ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Fundi mwingine alishamwambia imekufa, anunue ya mtumba. Nikamwomba azime, awashe tena, nikachungulia pembeni: puli ya krenki, yaani gurudumu la mkanda lililo mwisho wa mhimili unaozungushwa na pistoni, inayumba kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Wiki mbili nyuma alibadilishiwa sili ya mbele ya krenki, akaniambia. Sili hiyo haitoki bila kufungua bolti ya puli, hapo nikajua nitakachokuta.

Kwanza kupata pa kupigia jeki. Juu ya mteremko sikubali kuingiza mkono chini ya gari la mtu, hata anipe nini. Mimi, mzee na vijana wawili wa jirani tukalisukuma hadi penye saruji, mawe nyuma ya matairi, stendi mbili chini. Nikatoa gurudumu la mbele upande wa dereva na kile kifuniko cha plastiki. Nikashika bolti kwa boksi. Ikageuka kwa nguvu za kiganja!

Wenye magari wengi hawaijui kazi ya bolti hii. Puli haishikiliwi na kile kijichuma cha kii kilicho kwenye mfereji wa krenki. Kii inaonyesha tu mahali puli ikae. Kinachobeba mzigo ni mbano wa bolti, puli na krenki zikishikana kwa msuguano kama kitu kimoja. Mbano ukilegea, kii peke yake inapigwa mbele na nyuma kila pistoni inaposukuma, inalika, halafu inakula na mfereji wenyewe. Ukifika huko, krenki nzima ndiyo imeharibika. Kwa mzee huyu, kii ilikuwa imeanza kukatika ubavuni lakini mfereji ulikuwa mzima. Siku chache zaidi, mtu wa mtumba angekuwa sahihi.

Tukaagiza bolti mpya, kii na puli kwa kijana wa boda. Puli ya kwanza iliyokuja niliirudisha: raba iliyo kati ya kitovu na duara la nje ilikuwa na nyufa. Raba hiyo ndiyo inayomeza mtikisiko wa krenki. Huwa nachora mstari wa chaki kutoka katikati hadi nje, na duara likihama, mstari unakatika. Kwa nyufa zile sikuhitaji hata chaki. Boda ikarudi mjini. Saa 6 ikapita.

Mzee akaanza kuzunguka gari. Mbona wengine hukaza dakika tano? Gia ni ya otomatiki, iweke kwenye P ishike! Nikamweleza kwamba P inafunga magurudumu tu, injini inazunguka vilevile. Akasema basi tumia stata, aliona mahali. Ujanja wa stata, spana ikae kwenye bolti halafu injini istuliwe kwa swichi, unaweza kulegeza bolti, haukazi, na nimeona spana ikiruka kwa ujanja huo. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na bomba refu la maji. "Tia hili, mimi nikanyage."

Nikaweka vitu chini, kwa sababu nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa limeshika mawe. Nikamwambia: mzee, injini hii ya 1NZ inataka bolti ikazwe kwa nguvu ya niutoni mita 128. Chukua bomba la sentimita 65, ning'iniza debe la lita 20 limejaa maji mwishoni. Ni karibu na hiyo tu. Wewe una kilo 90. Ukikanyaga ni mara nne na nusu, na bolti inavutika au inakatikia ndani ya krenki.

Akakaa kwenye jiwe. Simu yake ikaita, wa Sengerema, akaipokea akiniangalia mimi.

Puli nzuri ilifika, saa sikuangalia. Nikasafisha nyuzi za bolti na za ndani ya krenki kwa brashi na kitambaa, maana uchafu unaidanganya toki renchi: inalia mapema, bolti haijabana. Nikaingiza kii, nikasukuma puli kwa mkono. Nina flati ba, chuma bapa niliyoitoboa mwenyewe, inaingia bolti mbili kwenye matundu ya puli na kuizuia isizunguke. Kijana wa jirani akaishika. Nikavuta taratibu, bila kushtua, mabega yanatetemeka, jasho machoni. Tak. Nikapiga mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye puli, nikarudisha mkanda, nikazungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili kabla ya kugusa swichi.

Ikawaka. Hakuna kugonga. Mzee alifungua boneti mwenyewe, akainama, akasikiliza muda mrefu.

Nilimwonyesha pa kumulika tochi, usukani ukikatwa hadi mwisho na injini imezimwa, aone kama mstari umehama. Kazi ya Buzuruga niliihamishia kesho, mkono wa kulia ulikuwa haukunjiki vizuri. Nyumbani nikarudisha springi ya toki renchi kwenye kipimo cha chini, nikala ugali na dagaa bila maneno mengi.

Saa 2 usiku ikaja picha kutoka Sengerema, imepigwa vibaya, giza na matope. Nikaikuza. Mstari mweupe ulikuwa umenyooka.